Kiwango cha 3 cha dhoruba na joto la 110 siku moja: nijiandae na kipi, Des Moines?

MamaNasri, Des Moines

Salaam wakubwa, shikamooni mnaostahili. Naomba mnisaidie kuisoma hii ramani kabla sijampigia mume wangu nikamtia wasiwasi bure, maana yuko barabarani na trela.

Tumehamia Iowa, Marekani, wakati wa baridi, kwa hiyo hiki ndicho kiangazi chetu cha kwanza huku. Tunakaa ghorofa ya tatu, ya juu kabisa, jengo la mbao, kiyoyozi kimoja cha dirishani kiko sebuleni. Watoto wawili wadogo. Mama mkwe wangu amekuja kututembelea, ana presha na anameza vidonge kila siku. Mimi nafanya zamu ya usiku ghalani.

Juzi mtu kanitumia ramani ya kiangazi chote, Juni mpaka Agosti, eneo letu limepakwa rangi ya chungwa na kuandikwa asilimia 50 "juu ya kawaida". Leo naamka nakuta ramani nyingine: keshokutwa tuko kwenye chungwa tena, safari hii ni kiwango cha 3 kati ya 5 cha ngurumo kali. Papo hapo kuna onyo la joto la hatari, eti litahisiwa kama nyuzi 110 za Fahrenheit, ambazo nikipiga hesabu zinakuja 43 zetu. Joto na dhoruba siku moja? Mimi nijuavyo mvua ikija joto linakimbia.

Je, hizo chungwa mbili zinasema kitu kimoja? Asilimia 50 ya nini? Na kama ni kuchagua, nitumie hela kwenye joto au kwenye dhoruba? Hela yenyewe si ya kuchezea mwezi huu.

MtotoWaPwani, Minneapolis

Dada tulia. Wenyeji wa huku wakiona jua wanatangaza hatari, wakiona theluji wanatangaza hatari. Sisi tumezaliwa na kulelewa kwenye joto. Fungua madirisha, mama anywe maji, maisha yaendelee. Mimi hizo arifa za simu nilishazizima zote, zinanikosesha usingizi.

FundiPaa, Cedar Rapids

MtotoWaPwani, ziwashe usiku huu huu. Sababu utaiona chini.

Dada MamaNasri, karibu Iowa. Kazi yangu ni kuezeka na kukarabati mapaa, kwa hiyo hizi ramani nazisoma kabla ya chai. Ndizo zinazoniambia kama nipande ngazi au nibaki chini. Nimepitia pia mafunzo ya bure ya Skywarn, yale ambayo Idara ya Hali ya Hewa ya Taifa huwapa raia wanaotaka kuripoti dhoruba. Mimi si mwanasayansi. Nitakujibu kifundi.

Ile ramani ya kiangazi chote itoe kichwani wiki hii. Inatolewa na Kituo cha Utabiri wa Tabianchi kule College Park, Maryland, na haizungumzii siku yoyote. Wao huchukua viangazi vya miaka 30, kuanzia 1991 hadi 2020, wakavigawa mafungu matatu: vya joto zaidi, vya katikati, na vya joto pungufu. Usipojua lolote, kila fungu lina kama asilimia 33. Wakikuandikia 50 juu ya kawaida, mizani imeelemea upande wa joto, lakini nusu nyingine bado wamegawana hao wawili waliobaki. Haikuambii joto litazidi kwa kiasi gani, wala dhoruba zitakuwa ngapi. Mkulima inamfaa, kampuni ya umeme inaifaa. Wewe inakufaa kwa jambo moja tu: kununua feni au kiyoyozi mapema kabla madukani hakujabaki kitu. Rangi kufanana ni sadfa.

Ramani ya pili ndiyo yako. Hiyo inatoka Kituo cha Utabiri wa Dhoruba, Norman, Oklahoma. Viwango ni vitano: kijani kilichoiva, njano, chungwa, nyekundu, na pinki iliyokoza. Namba ile inatokana na uwezekano wa jambo kali kutokea ndani ya maili 25, yaani kama kilomita 40, kutoka hapo ulipo. Kwa upepo, kiwango cha 3 kinaanzia asilimia 30. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba jengo lako halitaguswa kabisa. Lakini siku ya kawaida ya kiangazi hiyo asilimia ni ndogo mno, kwa hiyo 30 si namba ya kupuuzwa na mtu mwenye watoto ghorofa ya tatu.

Na "kali" kwao ina kipimo. Upepo wa maili 58 kwa saa, kama kilomita 93. Au mvua ya mawe yenye kipenyo cha inchi 1, sawa na ile sarafu ya senti 25. Au tonado. Basi. Radi haimo! Mvua ya kufurika nayo haimo, ina maonyo yake mbali. Ngurumo inaweza kupiga radi saa nzima ikaua mtu uwanjani, na kwenye daftari lao isiandikwe kuwa kali. Kwa hiyo watoto wakiwa kwenye bwawa, usingoje ramani. Ukisikia mngurumo, radi iko karibu kiasi cha kukufikia. Waingie ndani, na wasitoke mpaka nusu saa ipite tangu mngurumo wa mwisho.

Jambo jingine ambalo wageni hawaambiwi: ramani hiyo haikai vilevile. Ile ya siku yenyewe huandikwa upya mara tano, kwa saa zetu za hapa saa saba usiku, saa mbili asubuhi, saa tano na nusu, saa tisa alasiri na saa mbili usiku. Keshokutwa ikifika, hii unayoiona leo imeshachakaa. Mimi huangalia ya saa mbili asubuhi na ya saa tano na nusu. Kama kiwango kimepanda kati ya hizo mbili, ngazi naifunga garini.

Tarehe 10 Agosti 2020 nilikuwa hapa Cedar Rapids. Ramani ya alfajiri haikutuweka kwenye viwango vya juu. Vilipandishwa dhoruba ikiwa imeshaanza safari kuja kwetu. Ilikuwa derecho, yaani ukuta wa ngurumo unaosukuma upepo wa kunyooka mamia ya kilomita bila kuchoka. Hapa ilifika mchana na kutupiga zaidi ya nusu saa. Tonado hupita kwa dakika chache, hii ilikaa. Wachunguzi walikadiria upepo ulifika maili 140 kwa saa, kama kilomita 225, kwa kuangalia jengo moja la wapangaji upande wa kusini-magharibi wa mji. Nilichokiona kupitia upenyo wa mlango wa gereji ni vigae vya lami vikiruka vizima vizima, kisha mbao za chini yake, halafu mti wa jirani ukalala taratibu juu ya waya za umeme. Mji ulipoteza zaidi ya nusu ya miti yake siku ile.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe, kwa nini vyote siku moja. Joto ndilo linaloilisha dhoruba.

Mgandamizo mkubwa wa hewa ukituama juu yetu, hewa inashuka, na inaposhuka inapata moto. Hilo wanaita kuba la joto. Upepo wa kusini nao unaleta unyevu kutoka Ghuba ya Mexico. Halafu kuna mahindi. Ekari moja ya mahindi yaliyokomaa majani hutoa hewani galoni 3,000 hadi 4,000 za maji kwa siku, kama lita 11,000 hadi 15,000, na Iowa ni mahindi kila utakakogeuza shingo. Ndiyo maana Julai ukitoka nje asubuhi miwani inaingia ukungu.

Juu ya hewa hiyo nzito mara nyingi kunalala tabaka la hewa ya moto na kavu kutoka nyanda za juu za magharibi. Linaziba. Mchana kutwa jua linaongeza nguvu chini, na nguvu haina pa kutokea. Tabaka likishinda, unapata joto tupu na anga nyeupe. Likipasuka, na mara nyingi hupasuka ukingoni mwa kuba ambako hewa ya baridi kutoka Kanada inapita, kila kilichokusanywa kinapanda kwa mkupuo. Dhoruba zinafuatana kwenye ukingo ule moja baada ya nyingine. Watabiri wanauita pete ya moto. Kusini kwenu wanaungua, kaskazini kwenu kumepoa, nyinyi mko kwenye pete.

Mvua ikija joto linakimbia, ni kweli, kwa saa chache. Jua likirudi kesho yake, lile tope na yale mahindi yaliyolowa vinatoa mvuke upya, na unaweza kukuta joto linalohisiwa limezidi la jana.

Ndiyo maana siwezi kukushauri uchague kimoja. Ninachokiogopa mimi ni umeme kukatika katikati ya joto. Tarehe 29 Juni 2012 derecho ilitoka upande wa Indiana na Ohio ikafika mpaka pwani ya Atlantiki, watu wakiwa kwenye wimbi la joto. Wateja kama milioni 4 walikosa umeme, wengine hadi wiki nzima. Upepo uliua watu 13, wengi kwa kuangukiwa na miti. Joto liliua 34 kwenye maeneo yasiyokuwa na umeme baada ya dhoruba kupita. Hapa kwetu 2020, bahati nzuri joto la siku zilizofuata halikuwa la 110. Hata hivyo tulikaa zaidi ya wiki gizani, na familia nyingi za wahamiaji zililala kwenye mahema nje ya majengo yaliyoezuliwa, kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda na taarifa nyingi hazikuwa kwa lugha yao.

Kwa hiyo hela yako iende kwenye vitu vinavyofanya kazi umeme usipokuwepo. Redio ndogo ya hali ya hewa, ile inayopokea matangazo ya NOAA, shirika la serikali ya Marekani la bahari na hali ya hewa, na yenye kutumia betri: unaiwekea namba ya kaunti yako, inanyamaza mwaka mzima, ikitoka onyo la kaunti yako inapiga kelele hata saa tisa usiku. Na huku saa tisa usiku si mfano wa kupamba hadithi. Kiangazi, dhoruba zetu nyingi kubwa husafiri usiku, kwa sababu upepo wa chini kutoka kusini hupata nguvu jua likishazama. Wewe uko ghalani, bibi na watoto wamelala. Nani atawaamsha?

Simu pekee haitoshi. Simu hulia yenyewe kwa tonado, lakini kwa onyo la ngurumo hulia tu pale dhoruba inapopewa daraja la juu kabisa, upepo wa maili 80 kwa saa au mawe ya inchi 2.75, ukubwa wa mpira wa besiboli. Ndivyo utaratibu ulivyo tangu Agosti 2021. Ule upepo wa maili 65 utakaoangusha mti juu ya waya wako hautaliza simu. Ving'ora vya mjini navyo vimewekwa kwa ajili ya walio nje, usivitegemee uliyelala na kiyoyozi kinanguruma.

Utaona matangazo ya aina mbili. La kwanza hutolewa na hao wa Norman na hufunika kaunti nyingi kwa saa kadhaa: hali inaruhusu, kaa tayari. La pili hutolewa na ofisi ya karibu nawe, linachorwa umbo dogo kwenye ramani na mara nyingi ni la chini ya saa moja: inakuja, ingia. La kwanza likitoka, chaji simu zote, jaza ndoo maji, na uongee na jirani wa ghorofa ya chini. La pili likitoka, nyote mshuke kwake au kwenye korido ya chini isiyo na madirisha. Ongea naye leo, tena upande na kitu mkononi. Kubisha hodi kwa mtu usiyemjua saa tisa usiku na mtoto mgongoni ni tabu.

NesiZawadi, Chicago

FundiPaa amemaliza ya dhoruba. Mimi niongeze ya mama mkwe, maana MtotoWaPwani ameniudhi kidogo.

Kaka, mwili kuzoea joto ni jambo la kweli, lakini huzoea joto la pale ulipo, kwa wiki moja hivi au mbili, na mazoea yanapotea ukikaa mbali nalo. Mama huyo ametoka kwenye nyumba yenye upepo wa kupita, madirisha pande mbili. Hapa yuko ghorofa ya juu chini ya paa, dirisha upande mmoja, ukuta unaotema joto usiku kucha. Kinachomuua mzee ni usiku usiopoa, moyo haupati mapumziko. Chicago mwaka 1995, katikati ya Julai, uwanja wa ndege wa Midway ulipima nyuzi 106 za Fahrenheit, na hesabu iliyofanywa baadaye ilionyesha vifo 739 zaidi ya kawaida. Wengi walikuwa wazee wanaoishi peke yao, vyumbani, madirisha yamefungwa kwa kuogopa wezi.

Hiyo 110 uliyoiona inachanganya joto na unyevu, na inahesabiwa kwa mtu aliye kivulini. Juani ongeza mpaka nyuzi 15 za Fahrenheit. Mfano ninaowapa watu: nyuzi 96 zenye unyevu wa asilimia 65 zinahisiwa kama 121, yaani 49 zetu. Jasho halikauki, na jasho lisilokauka halipozi kitu.

Feni ni nzuri mpaka hewa ya chumbani ikaribie 32 zetu. Ikizidi hapo inampulizia mtu hewa ya moto, usimwachie mama feni peke yake ukadhani umemsaidia. Mlaze sebuleni kwenye kiyoyozi, funga milango ya vyumba vingine, ziba dirisha linalopigwa na jua. Kuhusu vidonge: baadhi ya dawa za presha hutoa maji mwilini, nyingine huuzuia moyo kuongeza mwendo, kwa hiyo joto humlemea mapema. Asiache dawa kwa kujiamulia. Piga simu kwa daktari au mfamasia kesho asubuhi, mtajie majina ya dawa, muulize anywe maji kiasi gani.

Akianza kuongea maneno yasiyopangika, akakasirika bila sababu, akayumba, au mwili ukawa wa moto sana, hicho ni kiharusi cha joto. Usimngoje "apumzike kidogo". Piga 911, na wakati mnasubiri mmwagieni maji, mpepeeni, wekeni barafu iliyofungwa kitambaani kwapani, shingoni na kwenye kinena. Kama amepotewa na fahamu usimnyweshe kitu.

Na namba 211: wapigie, watakuambia kituo cha karibu cha kupoa, maktaba au ukumbi wenye kiyoyozi, na kama kuna msaada wa bili za umeme kwa kipato chenu. Watu wengi wetu wanazima kiyoyozi kwa kuogopa bili. Bili inajadilika.

MtotoWaPwani, Minneapolis

Haya nesi, nimesikia. Nimeziwasha.

DerevaI80

Shemeji yangu anayeendesha trela asitishwe, ila aambiwe mapema. Trela tupu ndilo la kuogopa zaidi, upepo wa ubavuni unalilaza. Barabara ya I-80 kati ya Omaha na Des Moines iko wazi, hakuna cha kukukinga. Siku kama hizo mimi hupanga pa kulala kabla ya saa kumi jioni, maana dhoruba ikianza kila dereva anatafuta nafasi na vituo vinajaa.

Asisimame chini ya daraja. Upepo unabanwa pale na kuongezeka, na ukizuia njia unasababisha ajali nyuma yako. Atoke kwenye barabara kuu, ageuze pua ya gari kwenye upepo kama anaweza, abaki kabinini akiwa amefunga mkanda. Radi ikipiga, bodi ya chuma ndiyo inayomkinga, tairi hazihusiki kama watu wanavyosimulia. Asishike chuma tu.

MamaNasri, Des Moines

Mwenyezi Mungu awalipe nyote. Nimeshaongea na jirani wa chini, bibi wa Kibosnia, kanikaribisha na kunionyesha kabisa korido yake. Mume wangu atalala Omaha.

Bado mawili. Umeme ukikatika, chakula cha friji kinakaa muda gani? Na gari letu linalala nje, watu wanasema nilifunike mablanketi kwa ajili ya mawe. Halafu FundiPaa, kwa nini umesema juu ya feni na kiyoyozi tu, jenereta je? Kuna mtu ananiuzia iliyotumika.

FundiPaa, Cedar Rapids

Jenereta iache. Unakaa ghorofa ya tatu, utaiweka wapi? Inatakiwa iwe nje, futi 20 au zaidi kutoka kwenye jengo, moshi umeelekea mbali na madirisha. Wakiiweka kibarazani ule moshi una kaboni monoksaidi, haina harufu, na inaua familia nzima usingizini. Baada ya kila dhoruba kubwa huwa kuna habari ya aina hiyo. Hela hiyo nunua betri kubwa za kuchajia simu, taa, na feni ndogo ya kuchaji. Umeme ukikatika na joto bado liko juu, msikae mkisubiri urudi: wapeleke kituo cha kupoa au kwa ndugu mwenye umeme. Tenga mafuta ya gari nusu tangi kwa safari hiyo, kwa sababu pampu za petroli nazo ni za umeme.

Friji usiifungue. Ikifungwa inahimili saa 4. Friza iliyojaa inahimili kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Jaza chupa za maji zigande sasa hivi. Friza inakuwa imejaa, na baadaye unayanywa. Maziwa na nyama vikizidi muda huo, tupa, usionje.

Gari: blanketi nene linapunguza mawe madogo, yale ya sarafu. Yakifika ukubwa wa mpira wa besiboli, blanketi halisaidii kitu. La muhimu usitoke kwenda kulifunika onyo likishatoka. Watu wanavunjwa vidole na kupasuliwa vichwa kwa kuokoa bati. Litafutie ghorofa ya maegesho yenye paa mapema mchana, au liache, liwe shauri la bima. Tena angalia bima yako leo kama ina kifungu cha madhara ya hali ya hewa, kwani ile ya chini kabisa ya kisheria hailipi mawe. Ukiongeza kifungu dhoruba ikiwa imeshatangazwa, huenda wakakuambia usubiri.

Na kwa kuwa umetaja mawe, hebu nikuibie siri ya kazi yetu, itakufaa siku mkipata nyumba yenu. Siku moja baada ya mawe kuanguka, watu wenye magari masafi watagonga milango wakisema paa limeharibika, wasaini hapa, bima italipa yote. Nimewahi kuitwa na mzee mmoja aliyesaini kwa jamaa wa namna hiyo. Walichukua malipo ya kwanza ya bima na simu ikawa haipokelewi tena. Paa ukilikagua mwenyewe huhitaji kupanda. Tazama chini ya bomba la mfereji wa maji ya mvua: kama kuna rundo la punje nyeusi za mchanga, hizo ni ngozi ya vigae. Tazama chuma chochote laini, kofia za matundu ya hewa, mfereji wenyewe, kama kuna vibonyeo. Mimi nikiwa juu huweka kiganja kwenye kigae. Palipopigwa na jiwe panabonyea kama embe lililoangushwa, juu pazima ndani pameoza. Hapo ndipo maji yataanza kuingia, pengine mwaka ujao. Lakini kuna mapaa mengi nimeyakagua yaliyopigwa na mawe ya inchi 1 yakawa hayana neno, na wenyewe wameshasaini.

Wewe ni mpangaji, kwa hiyo kilicho chako ni vitu vya ndani. Piga picha kila chumba kwa simu leo usiku, runinga, makochi, vitanda, hata kabati likiwa wazi. Bima ya mpangaji ni ya bei ndogo kuliko watu wanavyodhani, uliza kampuni inayokukatia bima ya gari. Mwenye nyumba analipwa paa lake, godoro lako lililolowa halimhusu.

Kesho mchana ramani mpya ya keshokutwa ikitoka nitaiweka hapa na kukueleza kilichobadilika. Keshokutwa saa mbili asubuhi nitaweka nyingine.

MamaNasri, Des Moines

Redio nimepata, iliyobaki dukani ilikuwa moja. Namba ya kaunti naiingizaje? Imeandikiwa tarakimu sita na mimi nina tano za posta tu.

FundiPaa, Cedar Rapids

Hiyo si namba ya posta. Kaunti yako ni Polk, andika 019153. Sifuri ya mwanzo usiiruke. Ukimaliza tafuta kituo chenye sauti safi kati ya vile saba vya redio hiyo, halafu bonyeza kitufe cha jaribio usikie kinavyolia, na bibi naye asikie.